Kaka anataka tuuze mikarafuu, Baba akapandikizwe seli za ubongo

Assalamu alaikum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nakaa Pemba upande wa Wete pamoja na wanangu wawili na baba yangu. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Baba ana miaka 66 na anaumwa ugonjwa wa Parkinson. Ulianza kwa mkono wa kulia kutetemeka, tukadhani ni uchovu. Watu wakasema kapigwa na upepo mbaya, tukazunguka kwa waganga karibu mwaka mzima, mpaka daktari mmoja Unguja alipomtazama tu anavyoingia mlangoni, hata hajamgusa, akasema anaujua ugonjwa huu. Tangu hapo Baba anatumia vidonge vya levodopa.

Mwanzo vidonge vilimrudisha kabisa. Siku hizi vinashika kwa saa mbili tatu, kisha vinakatika. Kabla hajameza, kufunga vifungo vya kanzu kunamchukua muda ambao mimi nimeshachemsha chai na kuiepua. Akifika mlangoni miguu inaganda. Nimegundua nikilaza ufagio chini mbele ya mguu wake, anauvuka na kuendelea na safari yake. Siku ufagio haupo karibu, tunasimama hapo hapo yeye na mimi. Na Baba ndiye aliyekuwa akiadhini msikiti wa mtaani kwetu. Sasa mimi niliyekaa ubavuni mwake namuinamia nisikie anachotaka.

Kaka yetu mkubwa yuko Maskati. Alituma kwenye kundi la familia habari ya Japani, kwamba wagonjwa wa Parkinson wamepandikizwa seli mpya za ubongo na baadhi yao wamepata nafuu. Tulilia kwa furaha. Baadaye akapata wakala wa kliniki moja nje, si Japani, anayesema wao wanatoa tiba hiyo hiyo ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukua zikawa seli za namna nyingine. Mgonjwa anakaa siku tano, anatundikiwa dripu, anapigwa na sindano moja ya uti wa mgongo, anarudi kwao. Bei ni dola 24,000, nusu ilipwe kabla ya viza. Katuma na video za wazee waliokuwa wakitetemeka, sasa wanamimina chai bila kumwaga tone.

Kaka anaweza kutoa robo. Iliyobaki anataka tuuze shamba la mikarafuu la Baba. Mnunuzi yupo na anataka tumalizane kabla ya vuno. Hati ninayo mimi, Baba mwenyewe alinikabidhi. Ndugu wote wamekubali isipokuwa mimi na ami yetu mdogo. Ami amesikia seli hizo zinatoka kwenye mimba zilizoharibiwa, kwa hiyo kwake ni haramu, basi. Mimi hata sijui niseme napinga kwa sababu gani. Nimeishia kidato cha nne, siwezi kubishana na kaka. Ninachoona ni kwamba kuna kitu hakikai sawa. Wifi yangu ameandika kwenye kundi, mbele ya watu wote, kwamba nalinda urithi. Mimi ndiye ninayemgeuza Baba kitandani usiku, Shangazi.

Tukimuuliza mwenyewe anasema, "Fanyeni mnavyoona."

Naogopa nikitoa hati shamba litapotea na Baba asipone. Naogopa zaidi nikikataa, Baba akafa, nikaambiwa maisha yangu yote kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Nifanye nini?

Mshika hati, Pemba

SHANGAZI ANAJIBU

Wa alaikum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amuafu mzee wetu.

Nianze na neno la wifi yako, maana naona limekuuma kuliko hizo dola. Anayemgeuza mgonjwa usiku hana haja ya kuthibitisha kwenye simu kwamba anampenda. Usimjibu kwenye kundi. Neno lile limekufanya uone kwamba una njia mbili tu: utoe hati uonekane mwema, au uikatae uonekane mchoyo. Nataka tuvute kiti tuangalie kama kweli ziko mbili.

Halafu unasema huwezi kubishana na kaka. Mbona umeshabishana naye vizuri kwenye barua hii? Umeandika kwamba Japani wamepandikiza seli za ubongo, na umeandika kwamba kliniki ya wakala inatundika dripu. Hicho ndicho kisichokaa sawa, na umekiona bila kusoma zaidi ya kidato cha nne.

Mimi si daktari, lakini jambo hili nimelifuatilia, nikueleze ninavyolifahamu. Mgonjwa wa Parkinson ana seli zinazokufa ndani kabisa ya ubongo, zile zinazotengeneza dopamini, ambayo mwili unaihitaji ili mtu aanze mwendo na kuudhibiti. Levodopa anayomeza Baba hugeuzwa kuwa dopamini na seli zilizobaki. Kadiri zinavyopungua, ndivyo kidonge kinavyokatika mapema. Ndiyo maana watu wakafikiria kupanda seli nyingine.

Kule Kyoto, Japani, walichukua seli za damu za mtu mzima mwenye afya wakazirudisha kwenye hali ya seli shina, kwa njia ambayo mtafiti wao Shinya Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kisha wakazilea maabara mpaka zikaelekea kuwa seli za dopamini. Timu ya Jun Takahashi ikatoboa fuvu la mgonjwa na kuzipanda pande zote mbili za ubongo, mahali panapohitaji dopamini. Kazi ilianza mwaka 2018 na matokeo yakatoka katika jarida la Nature Aprili 2025. Wagonjwa walikuwa saba, wa umri wa miaka 50 hadi 69. Kwa miaka miwili hakuonekana uvimbe wala madhara makubwa, na katika sita waliopimwa mwendo, wanne walipata nafuu hata wakiwa hawajanywa dawa. Wakati huo huo ikachapishwa kazi ya Marekani na Kanada, wagonjwa 12, nayo ikaonyesha dalili njema. Kote huko wagonjwa walimeza dawa za kuzuia mwili usizikatae seli ngeni, mwaka mzima au zaidi, na dawa hizo zinashusha kinga.

Kwa hiyo furaha mliyolia nayo haikuwa ya bure. Hiyo ni sayansi ya kweli, na Japani kampuni iliomba kibali cha kuiuza tiba hiyo mwaka 2025. Ila ni wagonjwa wachache mno, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nao. Marekani wameanzisha jaribio kubwa zaidi, la watu kama mia moja, ambalo baadhi yao wanapasuliwa kwa kuigiza tu, hawawekewi seli, ili ijulikane nafuu inatoka wapi hasa.

Wana sababu ya kuwa na hadhari hiyo. Tangu mwaka 1987, kule Lund, Sweden, wagonjwa wamewahi kupandikizwa tishu za ubongo wa vijusi. Wako walionufaika kwa miaka mingi. Lakini Wamarekani walipolinganisha kwa kundi na kundi, matokeo waliyochapisha mwaka 2001 na 2003 yalikuwa hafifu, na baadhi ya wagonjwa wakabaki na mwili unaojinyonganyonga wenyewe bila kutaka.

Sasa tuje kwa wakala. Seli zikitiwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa mapafuni. Zitakazopita zitakutana na kizuizi kinachoulinda ubongo. Na hata zikifika, seli za mafuta ya mwili au za kitovu cha mtoto, ambazo ndizo kliniki nyingi za namna hii hutumia, si seli za dopamini na hazijafundishwa kuwa hizo. Kuziita zote "seli shina" ni sawa na kuita kila mbegu karafuu. Na sindano ya uti wa mgongo si ya kuchezea. Mwaka 2009 madaktari waliandika habari za mtoto wa Israel aliyedungwa seli za vijusi huko Moscow, akaota uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo uliotokana na seli zile zile. Mwaka 2017 waliandika juu ya wanawake watatu huko Florida, kila mmoja alilipa dola 5,000, wakadungwa seli za mafuta yao wenyewe machoni, wakapoteza uwezo wa kuona. Hao walikuwa Marekani, si kichochoroni.

Na zile video? Si lazima ziwe za uongo, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson akidungwa maji ya chumvi huku akitarajia dawa, ubongo wake unatoa dopamini kweli. Mzee anaweza kumimina chai vizuri wiki ile na kamera ikamnasa. Uliza anamiminaje miezi sita baadaye.

Hata hivyo sitaki umwone kaka yako mjinga. Mtu aliye Maskati haoni ufagio wala mlango. Anaona baba anayepungua kila anapopiga simu ya video, na mikono yake haina cha kushika isipokuwa pesa. Amekupata wewe wa kugombana naye kwa sababu ugonjwa haugombaniki. Mwulize atafute mwenyewe majibu kwa wakala, kwa maandishi: seli zinatoka wapi, zinawekwa wapi mwilini, jaribio limesajiliwa wapi na kwa namba gani, kamati gani ya maadili imelipitisha, na kwa nini mgonjwa analipa. Hilo la mwisho lina uzito wake, maana katika majaribio ya kweli mgonjwa kwa kawaida halipishwi ile tiba inayojaribiwa. Aulize pia kliniki hiyo inatibu magonjwa gani mengine. Ikiwa dripu hiyo hiyo ni ya kisukari, kiharusi, magoti na ugumba, atajua mwenyewe bila wewe kufungua mdomo. Jambo akiligundua yeye linakaa kuliko akiambiwa na mdogo wake.

Ami yako naye asipuuzwe, ila anapigana na kitu ambacho pengine hakipo. Kuna seli za vijusi vya mimba zilizotolewa, hizo za Lund. Kuna zile za Marekani na Kanada, ambazo asili yake ni kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, cha siku chache tu. Na kuna za Kyoto, za damu ya mtu mzima. Ni mambo matatu, na shekhe hawezi kutoa hukumu moja kwa yote matatu. Mkishajua kliniki inatumia nini, ndipo muende kwa mwanachuoni mnayemwamini.

Nikurudishe nyumbani kidogo. Umesema kidonge kinakatika baada ya saa mbili tatu. Je, kuna daktari anayejua hivyo, au bado anakula kipimo kile alichoanzishiwa? Na anameza na nini? Mara nyingi nimeona mzee anakunywa levodopa pamoja na chai, maharage na kipande cha samaki, kwa nia njema kwamba dawa isimchome tumbo. Protini ya samaki na maharage inashindana na dawa kupenya kwenye utumbo, basi kidonge kinachelewa au hakifanyi kitu. Kwa kawaida hushauriwa ameze nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada yake. Choo kigumu nacho huchelewesha dawa. Na Ramadhani, kama huwa anajilazimisha kufunga na kuruka vidonge vya mchana, mzungumze na daktari na shekhe mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake, na kuacha levodopa ghafla kunaweza kumletea homa kali na mwili kukakamaa kwa hatari.

(Katika kuzunguka kwa waganga, sijui kama mlipewa upupu. Usicheke. Mbegu za upupu zina levodopa kweli, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa wa Parkinson. Lakini huwezi kujua kipimo kilichomo kwenye kikombe, na kwa mtu anayemeza vidonge tayari ni kumzidishia bila hesabu. Wala usijilaumu kwa ule mwaka: watafiti walipotafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wengi waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.)

Andika kwa siku kadhaa saa anayomeza, saa inaposhika, saa inapokatika, na alichokula. Karatasi hiyo mpande nayo boti. Mnazi Mmoja kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo, na Muhimbili wako madaktari wa mishipa ya fahamu. Waulize kugawa dozi upya na dawa za kuongezea levodopa, na mtu wa kumfanyisha mazoezi ya mwendo na ya sauti. Ule ufagio wako, kwa taarifa yako, ni mbinu inayojulikana. Wako wanaochora mistari sakafuni kwa kazi hiyo hiyo. Waulize pia kama anafaa kwa kifaa cha kusisimua ubongo kwa umeme. Hicho kimeshatumika duniani kwa zaidi ya miaka 30, kinamfaa zaidi mgonjwa ambaye levodopa bado inamsaidia ila inakatika, lakini ni upasuaji, ni ghali, na kinataka kurekebishwa mara kwa mara na wataalamu. Kwa mtu wa Wete hilo si dogo.

Huenda mkaamua kusubiri tiba ya seli ikomae. Nako kuna hatari yake. Baba ana miaka 66, majaribio yana mipaka ya umri na hali ya mgonjwa, na ugonjwa hausubiri mtu. Inaweza kufika Afrika Mashariki akiwa hafai tena kupasuliwa. Na hata ikifika, seli hizo zinaleta dopamini tu. Hazizuii ugonjwa wenyewe, na mambo kama choo, kumbukumbu na mara nyingi sauti hayategemei dopamini peke yake. Kama ndani ya moyo wako unachokitaka ni kuisikia ile adhana tena, ni vizuri ujue hilo sasa.

Na shamba. Sikuoni vibaya hata kama kweli unalipenda. Mtu kulipenda shamba la baba yake si wizi. Lakini si lenu bado, wewe wala kaka. Mwenye mali yu hai na akili yake ni timamu. Mikarafuu inaweza kukodishwa kwa msimu bila kuuzwa ardhi, na pesa hiyo ikatosha safari za Unguja na Dar es Salaam, dawa, na mtu wa kukusaidia usiku. Inaweza pia kuuzwa, akitaka, kwa jambo ambalo amelielewa. Haraka ya mnunuzi na haraka ya wakala zimekutana msimu mmoja, na wewe ndiye unayesukumwa katikati.

Umeshika kwamba Baba amesema "fanyeni mnavyoona" na ukahesabu kuwa hana kura. Mimi sina hakika. Huenda ni mtu anayeona aibu kuwagharimu. Huenda hataki kusafiri wala kudungwa, na hataki kumvunja moyo mwanawe wa kiume. Huenda anataka sana kujaribu, na anaogopa wewe utamkatalia. Mtu ambaye sauti imemtoka huwa mwepesi kusema "mnavyoona", kwa sababu sentensi ndefu inamchosha. Akikwambia, baada ya kuelezwa yote haya, kwamba anataka kwenda kwenye kliniki ile na pesa ni yake, utakuwa na kazi nyingine ngumu, na tutaizungumza. Akisema hataki, ile hofu yako ya kuambiwa ulimzuia itakuwa na jibu lililotoka mdomoni mwake.

Kwa hiyo usimuulize kwenye kikao cha familia wala jioni dawa ikiwa imekatika. Mngoje asubuhi kidonge kikishika, mkae barazani watoto wakiwa skuli, umpe nafasi ya kumaliza maneno yake hata yakichelewa. Mweleze cha Japani na cha wakala, mbali mbali. Muulize ni kitu gani kimoja angependa kukiweza tena. Kaka awe kwenye simu tangu mwanzo, asikilize bila kukata, asije akaletewa habari na wifi. Hati iache palipo mpaka siku hiyo, na majibu ya wakala yakija kwa maandishi, niletee tuyasome pamoja.